Paja Langu la Kulia Katika Daftari la Mama

Mama yangu ni fundi cherehani. Ameshona sare za askari, sketi za shule, magauni ya harusi na mapazia tangu kabla sijazaliwa, na vipimo vya kila mteja huviandika kwenye madaftari makubwa yanayokaa ndani ya sanduku la bati chini ya kitanda. Nami nina kurasa zangu humo. Nilipokuwa mtoto aliandika kiuno, mabega na urefu tu. Kuanzia mwaka niliovunjika mguu, kurasa zinabadilika sura: safu mbili, K na S, kulia na kushoto, na chini yake mzingo wa mapaja yangu kwa inchi, Jumapili baada ya Jumapili, kwa kalamu ya risasi.

Kurasa hizo nimezifungua mara nyingi kuliko kitabu chochote cha mazoezi. Siku hizi nafundisha wasichana netiboli, na kila msimu nikiwapeleka kwenye vyuma nakutana na hofu ile ile: "Mwalimu, mikono yangu haitakuwa kama ya mwanaume?" Wavulana wa uwanja wa pili nao huja na kilio kilichogeuzwa: miezi miwili wanabeba, mkono uko vile vile, basi wanaona jasho lao limekwenda bure. Wote wanaamini jambo moja, kwamba unene wa kiungo ndio nguvu yake, na tepu ikisimama nguvu nayo imesimama. Mimi nami niliamini hivyo.

Nilikulia Naguru, Kampala, kwenye kota za polisi, katika vile vibanda vya mabati vya mviringo ambavyo Uganda nzima inaviita "mama ingia pole", kwa sababu mlango ni mfupi na hata mwenye nyumba huinama. Baba alikuwa koplo. Majirani walikuwa Waacholi, Walugbara, Waiteso, Wanyankole, na sisi watoto wote tukakutana kwenye Kiswahili. Mjini wazee wengi walikiogopa, maana walikizoea vizuizini, midomoni mwa watu wenye bunduki. Kwetu kilikuwa lugha ya kuombea chumvi kwa jirani.

Nilikuwa na miaka 19, mlinzi wa goli katika timu ya mtaa, boda boda iliponiteleza barabara ya Jinja siku ya mvua. Muundi wa mguu wa kulia ulikatika vipande viwili. Wakanifunga plasta kutoka juu ya paja hadi kifundo cha mguu, nikakaa nayo wiki tisa. Maumivu ya kuvunjika nimeyasahau. Ninachokikumbuka ni siku ya kuifungua. Ule msumeno mdogo ulilia, vumbi jeupe likaruka, plasta ikapasuliwa kama ganda la fenesi, ikatoka harufu ya ngozi iliyofungiwa. Halafu nikaliona paja. Lilikuwa limelala juu ya shuka kama mfuko uliomwagwa unga, ngozi imekunjamana, goti limebaki kubwa katikati kana kwamba ni la mtu mwingine. Mhudumu akaniambia, "Kaza misuli ya paja." Nikaiangalia, nikaiamuru. Hapakutikisika kitu. Nikakaza taya, nikakaza ngumi, hata mguu wa kushoto nikaukaza bila kutaka. Lile la kulia halikusikia.

Katika hospitali ile hakuna aliyenieleza nifanye nini baadaye. Nilipewa magongo, karatasi ya dawa za maumivu na neno "utazoea". Foleni ilikuwa ndefu, nawaelewa waliokuwa zamu. Lakini neno lile lingeweza kunigharimu mchezo wangu, na najua wengi limewagharimu.

Jioni hiyo Mama alichukua tepu yake ya njano. Akaweka kiganja chake juu ya pia ya goti, na pale kiganja kilipoishia ndipo alipozungusha tepu. Alifanya hivyo kila mara, kiganja kile kile, ndiyo maana naziamini tarakimu zake. Kushoto inchi 20 na nusu. Kulia 18.

Inchi mbili na nusu zinaonekana kidogo, kiasi cha pindo la sketi. Zipige hesabu uone. Mzingo ulikuwa umepungua kwa asilimia 12. Lakini kinachovuta ni nyama iliyojaa ndani ya duara hilo, na eneo la duara hushuka kwa kasi kuliko mzingo wake: kutoka 20 na nusu hadi 18 eneo limepungua kwa karibu asilimia 23. Mfupa wa paja haukukonda, na mafuta yaliyo chini ya ngozi sidhani kama yalipungua sana, kwa hiyo misuli yenyewe ilikuwa imepoteza zaidi ya hapo. Na nguvu ilikuwa imepotea kuliko misuli. Paja lilikuwa na zaidi ya nusu ya nyama yake, lakini halikuweza kuunyoosha mguu kitandani. Wataalamu wanaopima viungo vilivyofungwa plasta huona hivyo hivyo: nguvu hushuka haraka na mbali zaidi kuliko unene. Kinachonyauka kwanza ni ule utaratibu wa amri kutoka kichwani hadi kwenye nyuzi za msuli.

Nyuma ya kota kulikuwa na banda la mzee mmoja, sajini mstaafu. Sote tulimwita Afande, hata wake za maofisa. Alikuwa amecheza ngumi na kunyanyua vyuma, na aliingia polisi enzi ambazo jina la John Akii-Bua lilikuwa bado la moto kila penye paredi. Akii-Bua alikuwa polisi. Tarehe 2 Septemba 1972, kule Munich, alikimbia mita 400 za viunzi kwa sekunde 47.82, akawa mtu wa kwanza duniani kushuka chini ya sekunde 48 katika mbio hizo. Afande alitusimulia jinsi mtu yule alivyoruka viunzi mazoezini huku amevaa fulana ya uzito, na kila aliposimulia alisimama, kana kwamba anapiga saluti.

Banda lake halikuwa na kitu cha dukani. Mtaimbo mmoja mrefu, ekseli ya Land Rover, flaiwili za lori mbili mbili zenye ukubwa sawa, na makopo ya rangi ya lita nne yaliyojazwa saruji, kila moja limechomekwa kipande cha nondo kama mkono wa kushikia. Kila kopo alikuwa amelipeleka kwenye mizani ya mwuza mahindi, na uzito ameuandika kwa rangi nyekundu: 9 na nusu, 9.8, 10. Aliniambia mtu asiyejua anachobeba hawezi kujua alikotoka.

Nilipofika na magongo aliniketisha kwenye benchi, akaufunga mguu wangu wa kushoto, ule mzima, kopo kwa mpira wa tairi, akaniamuru niunyanyue.

"Afande, ulioumia ni huu mwingine."

"Naona, binti. Huu mzima ndio utakaomfundisha mgonjwa."

Kwa wiki ya kwanza mguu wa kushoto ndio uliobeba. Wa kulia niliukaza tu, nahesabu hadi kumi, nalegeza. Yeye alikuwa amejifunza hivyo kutoka kwa mabondia waliovunjika mkono mmoja wakaendelea na ule mwingine, na hakuhitaji karatasi kumthibitishia. Miaka mingi baadaye nikasoma kwamba mwaka 1894, katika Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, Edward Scripture na wenzake walimzoeza mtu kwa mkono mmoja, wakakuta mkono wa pili ambao haukuguswa nao umeongezeka nguvu. Tangu hapo jambo hilo limepimwa tena na tena kwa mikono na miguu. Kiungo kilichopumzika hupata sehemu ya faida ya mwenzake, na hupata bila kunenepa. Kingenenepeshwa na nini wakati hakikubeba kitu? Faida hiyo inapita kwenye ubongo na uti wa mgongo. Msichana yeyote akivunjika leo, la kwanza ninalomwambia ni kuufanyisha kazi ule upande mzima.

Daktari aliporuhusu mguu wa kulia ubebe uzito, kipimo chetu kikawa benchi. Kaa, nyoosha mguu wa kushoto mbele usiguse chini, simama kwa wa kulia peke yake. Wiki ya kwanza: sifuri. Nilijisukuma nikaanguka tena kwenye ubao. Wiki ya pili nilisimama mara moja, Afande akiwa ameniwekea kidole kimoja chini ya kiwiko. Wiki ya nne nilisimama mara sita mfululizo, nimekumbatia kopo la kilo 10 kifuani.

Daftari la Mama kwa wiki hizo nne linasema: 18, 18, 18, 18 na robo.

Mama alikasirika. "Mzee huyu anakuchosha bure. Angalia mwenyewe, tepu imelala." Sikuwa na la kumjibu zaidi ya kutoka nje kwenda bombani na kurudi na jerikeni ya lita 20, nikapanda ngazi ile ya mawe kwa mguu wa kulia kwanza. Aliinuka kwenye cherehani, akanitazama nikiitua, akarudi kukaa bila kusema. Jumapili iliyofuata alinipima tena, na pembeni ya tarakimu akaandika neno moja: "maji".

Kilichotokea katika wiki zile kimepimwa. Mwaka 1979 Toshio Moritani na Herbert deVries walichapisha utafiti wao uliotenganisha mambo mawili yanayoongeza nguvu kwa mtu anayeanza vyuma: kunenepa kwa msuli, na uwezo wa mishipa ya fahamu kuuita msuli huo kazini. Wakaona kwamba wiki za mwanzo zinatawaliwa na mishipa ya fahamu, na unene ndio unaochukua usukani baada ya wiki tatu hadi tano hivi. Mtu aliyekulia kota hahitaji mchoro ili aelewe. Tazama kuruta mia moja siku yao ya kwanza ya paredi. Buti zinatua kama mahindi yanayomwagwa juu ya bati. Rudi baada ya mwezi uwasikilize: mguu mmoja, mlio mmoja, ardhi inatikisika. Hakuna hata mmoja aliyerefuka wala aliyenenepa. Wamejifunza kuisikia amri kwa pamoja. Na nyuzi za msuli ni hivyo. Asiyezoea akikaza, sehemu ya nyuzi hubaki zimelala, hasa zile kubwa zenye nguvu nyingi, kwa maana mwili huanza kuita zile ndogo na kubwa huzifikia mwisho, mzigo ukiwa mzito kweli. Mazoezi huziamsha, huzifanya ziitwe haraka zaidi, na hufundisha misuli inayovuta kinyume isishindane na ile iliyo kazini.

Baadaye unene ulikuja, taratibu. Kila uzi wa msuli uliovutwa kwa mzigo hujijengea protini zaidi ndani yake, nyuzi zile za haraka zikinenepa kuliko za polepole. Daftari: wiki ya nane, 18 na robo tatu. Wiki ya kumi na mbili, 19 na robo. Wiki ya ishirini, 19 na robo tatu. Chakula kilikuwa posho, yaani ugali, na maharage, na kikomando, chapati iliyochanganywa na maharage, nikiwa na senti. Mukene, wale dagaa wa ziwani, ndio Mama alioniongezea kwa makusudi, akiwakaanga na karanga, kwa sababu Afande alimwambia nyama haijengwi kwa posho peke yake. Alikuwa sahihi. Mwanamichezo anayejenga misuli hutakiwa kupata protini ya gramu 1.6 hivi kwa kila kilo ya mwili wake kwa siku, na mukene waliokaushwa wana protini nyingi kuliko nyama mbichi ya uzito huo huo.

Tepu ina udanganyifu wake, na Mama aliugundua kabla yangu. Siku moja nilirudi nyumbani kutoka bandani nimevimba mapaja, nikamwomba anipime papo hapo. Ilisoma nusu inchi zaidi ya asubuhi. Nikashangilia. Akakunja tepu, hakuandika kitu. "Hiyo ni damu. Njoo kesho ukiamka." Ndivyo ilivyo: msuli uliotoka kazini umejaa damu na maji, baada ya muda unarudi. Udanganyifu wa pili ni mafuta. Tepu haijui ngozi, mafuta na msuli, inazunguka vyote. Mtu anaweza kupunguza mafuta ya mkono huku msuli ukiongezeka, na tarakimu isisogee miezi mitatu. Atasema vyuma havikumfaa, kumbe mkono wake umebadilika karibu wote kwa ndani.

Hapo ndipo nataka wasichana wangu wanisikie. Mwaka 1974 Jack Wilmore alichapisha kipimo cha wanawake na wanaume waliofanya programu moja ya vyuma kwa wiki 10. Wanawake waliongezeka nguvu kwa kiwango kinachofanana na cha wanaume, na miili yao ikabadilika kidogo sana kwa unene. Mwanamke ana homoni ya testosteroni kidogo mno ikilinganishwa na mwanaume, na huanza na msuli mdogo, kwa hiyo hata akinenepa kwa asilimia ile ile inchi zenyewe huwa chache. Mikono ile minene ya kwenye mabango inatokana na miaka ya kazi iliyokusudia unene, chakula kilichopimwa, wakati mwingine na dawa. Haimwangukii mtu kwa bahati mbaya Jumanne jioni.

Mama wa mchezaji wangu mmoja alinifuata uwanjani, amevaa gomesi ya kijani, ana heshima zote. "Mwalimu, binti yangu ana posa. Usimharibie mikono." Sikubishana naye. Nilimwomba achukue tepu yake mwenyewe, ampime binti mbele yangu, na arudi baada ya wiki kumi na mbili. Siku ile mkono wa juu ulikuwa inchi 10 na robo tatu, na pushapu alizoweza ni mbili. Baada ya wiki kumi na mbili mkono ulikuwa inchi 11 kamili, na pushapu kumi na nne, kifua kikigusa nyasi kila mara. Mama aliipima tena kwa upande mwingine, akahakikisha. Kisha akaniuliza kama yeye mwenyewe, kwa umri wake, anaweza kuanza, kwa ajili ya mgongo.

Kuna kosa linalozaliwa na hofu hii, nami nalichukia kwa sababu limewazuia wasichana wengi. Akiogopa kunenepa, msichana huchukua kichuma chepesi na kukinyanyua mara thelathini mpaka mkono uwake moto, akidhani mwepesi haunenepeshi. Leo inajulikana wazi kwamba mzigo mwepesi ukifanyiwa kazi hadi msuli ukaribie kushindwa unanenepesha karibu sawa na mzito. Ambacho haukupi kwa kiwango sawa ni nguvu. Anayetaka nguvu bila unene mwingi anatakiwa afanye anachokiogopa: mzigo mzito, mara tatu hadi tano, aache bado ana akiba, apumzike dakika tatu nzima, kisha arudie. Anayetaka unene aongeze idadi ya seti, akaribie kushindwa, ale. Wasichana wangu hawaanzi na uzito huo. Kwanza wanachuchumaa na mtaimbo mtupu mpaka mgongo ujifunze kunyooka.

Lakini nisieleweke kwamba unene hauna maana. Msuli mnene una uwezo mkubwa wa kuvuta, na mtu akishafika mwisho wa kile ambacho mishipa ya fahamu inaweza kumpa, njia ya kwenda mbele ni kuongeza nyama. Mchezaji wa ragi wa mstari wa mbele anaihitaji. Tatizo ni bei. Nguvu ya kuvuta hufuata eneo la mkato wa msuli, lakini msuli ukinenepa uzito wake nao hupanda. Anayejisukuma hewani, kama mrukaji au mlinzi wa goli, kila nyama anayoiongeza lazima ailipie kwa kuibeba.

Mabondia wanalijua hilo kwa mizani. Bandani kwa Afande kulikuwa na kijana aliyependa mikono yake. Kila jioni alikunja viwiko na kopo la saruji mbele ya kipande cha kioo. Mikono ilikuja kweli, mizuri ya kutazama. Akapanda uzani mmoja, kisha wa pili, akakutana na watu warefu waliozaliwa na uzito ule, akapigwa mara tatu mfululizo. Afande alimrudisha kwenye miguu na kiuno. "Ngumi inaanza kwenye kisigino," alimwambia, huku akimgonga kisigino kwa fimbo polepole. John Mugabi, aliyetutoa kimasomaso kwa medali ya fedha Moscow mwaka 1980 na baadaye akawa bingwa wa dunia, alikuwa mfano wake wa kila siku wa mtu ambaye uzito wa ngumi hausomeki kwenye mzingo wa mkono.

Kwa wakimbiaji wa mbio ndefu wa Kapchorwa, kule milimani mashariki mwa Uganda, hesabu ni kali zaidi. Gramu 100 tu zikiongezwa kwenye kila kiatu hugharimu karibu asilimia moja ya nishati ya kukimbia, kwa sababu mguu wa chini unabembea mbali na nyonga kama nyundo kwenye mpini. Shavu nene la mguu ni kiatu kisichovuliwa. Hata hivyo nguvu wanaihitaji. Mwaka 1999 Leena Paavolainen na wenzake, Finland, walibadilisha sehemu ya mbio za wakimbiaji kwa kuruka na vyuma vya haraka kwa wiki 9, na muda wa kilomita tano ukashuka ingawa uwezo wao wa kutumia oksijeni haukuongezeka. Na mbio ndefu zenyewe huzuia unene, hata nguvu: Robert Hickson alionyesha mwaka 1980 kwamba wanaochanganya vyuma na mazoezi mazito ya pumzi hupanda nguvu kwa wiki kadhaa kisha husimama, wakati wanaobeba vyuma peke yake wanaendelea. Mkimbiaji anayeogopa kunenepa kwa siku mbili za vyuma kwa wiki anaogopa kivuli. Joshua Cheptegei aliyekimbia mita 10,000 kwa dakika 26:11.00 kule Valencia mwaka 2020 ana miguu myembamba, na ukimtazama mzunguko wa mwisho utaona kuwa wembamba na unyonge ni vitu viwili.

Nilirudi uwanjani mwezi wa saba baada ya kufunguliwa plasta. Nilichuchumaa na ekseli na flaiwili mbili vizuri kabisa, lakini mpira wa kwanza wa juu niliruka nikatua kwa miguu miwili kama mzee, kwa woga. Nguvu ya kuchuchumaa haikuwa imejifunza kutua. Ilibidi tuanze upya kwenye kreti ya soda, kuruka kutoka juu yake na kutua kwa mguu mmoja kimya kimya, mara tano tano, Afande akiwa amefumba macho anasikiliza. Akisikia kishindo, haihesabiwi.

Nilicheza miaka tisa zaidi. Sikufika timu ya taifa, lakini mwaka 2023, She Cranes walipomaliza nafasi ya tano Kombe la Dunia kule Cape Town, niliwatazama walinzi wetu wakipanda kuchukua mpira juu ya wasichana warefu, na nilikuwa naangalia mapaja yao wanapotua.

Katikati ya miaka hiyo nilizaa. Miezi minane sikugusa chuma, na daftari linaonyesha mapaja yote mawili yameshuka. Nilipoanza tena, kilichonichukua wiki ishirini mara ya kwanza kilirudi kwa wiki tisa. Nilifikiri ni ujana tu. Baadaye nikasoma kazi iliyofanyika Norway na kuchapishwa mwaka 2010: katika panya, msuli unaponenepa huongeza viini, yaani vituo vya amri vya seli, ndani ya nyuzi zake, na msuli ukikonda viini hivyo haviondoki. Vinasubiri. Afande alikuwa ameshafariki nilipoisoma, nami nilitaka sana kumpelekea.

Mwezi uliopita Mama alinishonea suruali ya michezo. Macho yake yamepungua, sindano namtungia mimi, lakini kiganja juu ya goti ni kile kile. Kushoto 20 na nusu. Kulia 20 na robo, na hapo ndipo limekaa kwa miaka sasa, ingawa kwenye benchi la mguu mmoja ndilo linaloshinda lenzake. Aliandika zote mbili, akapiga chaki kwenye kitambaa, akakata mguu wa kulia robo inchi ndani, bila kuniuliza.